Mzee Anselmo Aandike au Asiandike?

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kati ya dirisha langu la kahawa na karakana ya Mzee Anselmo Quiles, fundi wa kwatro, gitaa letu dogo la nyuzi kumi. Wakaaji wake ni wawili. Wakili hajawahi kusoma sheria hata siku moja. Alisambaza barua miaka thelathini huku milimani, na anadhani kuzibeba ni sawa na kuzisoma. Bati anaitwa hivyo kwa sababu kimbunga kilimng'olea paa, na tangu hapo hakuna mazungumzo ambayo lile paa haliingii. Asubuhi hiyo, Alhamisi ya mwisho kabla ya Krismasi, Mzee Anselmo alitoka na uso wa kwatro, ule ubao mwembamba wa mbele, akaulaza kwenye benchi. Kando yake akaweka penseli. Kando ya penseli akaweka kufuli jipya. Mimi niliona kufuli kwanza.

— Nataka mnisaidie jambo, akasema Mzee. Bila utani.

— Bati yupo hapa halafu unasema bila utani? akauliza Wakili.

Kwatro zake zote, nyuma ya uso, mahali pasipoonekana tena gundi ikishashika, huwa ameandika: "Imetengenezwa kwa mkono na Anselmo Quiles." Miaka arobaini na moja. Lakini tangu mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka. Randa ilimteleza ikachimba nyuso mbili za mti wa yagrumo, safi kabisa, nikaziwashia jiko huku roho inaniuma. Ndipo binti yake aliyeko Orlando akamtumia kimashine cha umeme, kinene kama gunzi la hindi, na cha kukifungia mbele: kiranda kidogo chenye kitako bapa, hakizidi kipande cha sabuni. Kitako kinalala juu ya mti, kisu kinazunguka humo ndani. Mkono utetemeke usitetemeke, chenyewe hakina habari.

— Mbavu zote tatu nimezipiga kwa hicho, akasema, akaugeuza uso tuvione vile vijiti vinavyoushikilia kwa nyuma. Mnaona zilivyonyooka? Sasa niandike "kwa mkono", au nisiandike? Maana nikiona nadanganya watu, nafunga. Kufuli ndilo hilo.

— Andika! Wakili akaruka. Mashine uliishika kwa nini? Kwa mguu?

— Basi na mke wangu anafua kwa mkono, akasema Bati. Kitufe anakibonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

— Usilinganishe soksi na kwatro, bwana.

— Umeanza wewe. Mzee, ulipokuwa unapiga randa, umeme ulikatika mara ngapi?

— Mara mbili.

— Basi, kwisha! Zile saa za giza zote ni za mkono. Andika "nusu kwa mkono". Maana hata lile paa langu...

— Paa limeingiaje hapa?

— Limeingia, tena limeingia vizuri! La kwanza lilipigiliwa kwa nyundo, kwa mkono mtupu. Liko mtoni hadi leo. La pili fundi alikuja na mashine ya skrubu, na halivuji hata tone. Sasa niambie.

Mzee Anselmo akakaa.

— Mwalimu wangu, marehemu Fulgencio, hakugusa msasa maisha yake yote, akasema. Alikwangua kwa kipande cha chupa. Siku aliyonikuta na msasa alinifukuza wiki nzima. Eti huo si mkono, ni uvivu. Kumbe na yeye alitukanwa na mwalimu wake kwa hiyo hiyo chupa. Yule mzee alitumia kisu tu.

— Unaona! Wakili akapiga goti. Na wa kisu alitukanwa na wa jiwe. Ukizidi kurudi nyuma utakuta mtu anakwangua mti kwa kucha.

— Kwa meno.

— Kwa meno! Huyo ndiye fundi peke yake. Sisi wengine wote matapeli.

— Hata huyo tapeli. Meno alizaliwa nayo? Alinyonyeshwa yakaota. Aandikwe mama yake.

— Basi hapa aandikwe binti, si ndiye aliyenunua?

— Liandikwe shirika la umeme!

— Hao tena? Wapewe sahihi, halafu wakukatie wimbo katikati?

Walicheka mpaka Bati akamwaga kahawa. Mzee hakucheka. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, ameubana pajani kama mtu anayeshika kuku asiruke. Niliwachukia wale wawili, nasema kweli.

Hapo akafika Nereida Matos, dereva wa basi la shule, ndiye aliyeiagiza kwatro yenyewe. Mama yake alipopona aliwaahidi Wafalme Watatu, wale Mamajusi wa Krismasi, usiku mzima wa nyimbo kila sikukuu yao ya Januari, na safari hii mpigaji ni Nereida.

— Hamjambo wazee wangu. Mama Otilia, nipe nyeusi, usitie sukari. Akauona uso pale benchini. Ehe, umesemaje?

— Nani amesemaje? akauliza Wakili.

— Uso. Mlipougonga, umesemaje?

Jamani, hapa kwetu nani asiyejua? Mbavu hazipigwi randa kwa rula. Unapunguza kidogo, unauweka uso sikioni, unaugonga kwa kifundo cha kidole. Unapunguza tena, unagonga tena, mpaka uache kusema tok na uanze kuimba. Asubuhi nzima tumebishania mkono, mpaka tukafika kwenye meno, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo. Hata mimi.

— Sijaugonga, akasema Mzee.

— Hata mara moja?

— Kimashine kina kelele. Binti alinitumia na vya kuziba masikio. Nikaweka skrubu ya kupimia unene kwenye namba, nikafuata namba. Halafu... Akauachia ule mkono, akauinua tuuone. Nikigonga mara moja, wenyewe unagonga mara nne. Siusikii ubao, mwanangu. Nausikia mkono.

Hajawahi kulisema hilo mbele ya mtu. Nikajua kufuli halikununuliwa kwa sababu ya kimashine.

Nereida hakumpa pole. Alifuta vidole kwenye sketi, akauinua uso kwa ncha za vidole viwili, akausogeza kwenye sikio la Mzee.

— Mimi nagonga. Wewe sikiliza.

Tok.

— Shuka kidogo.

Tok.

— Bado! Ubavu wa upande wa nyuzi nyembamba ni mnene. Namba imenidanganya, mshenzi yule!

Sijamsikia akitukana kwa furaha namna ile tangu akiwa kijana. Wakaingia ndani. Tukasikia kimashine kikinguruma kidogo, kikanyamaza, halafu tok. Kikanguruma, kikanyamaza, tok. Bati hakutaja paa. Wakili alishika kikombe mpaka kahawa ikapoa. Karibu na saa sita ukatoka mlio mmoja mrefu, mpaka Bati akageuza shingo kutazama mlangoni.

Mzee alipotoka alichukua penseli.

— Lete nikuandikie, akasema Wakili kwa upole. Herufi zako zitapinda.

— Acha zipinde.

Aliandika taratibu, herufi zikipanda na kushuka. Nilizisoma kabla ya gundi: "Imetengenezwa kwa mkono na Anselmo Quiles." Chini yake, kwa maandishi madogo: "Aliyegonga ni Nereida Matos."

— Jumatatu unaendesha? akamuuliza.

— Shule imefungwa mpaka sikukuu ya Wafalme ipite.

— Basi njoo. Nina ubao mwingine wa yagrumo.

Kufuli alilisahau pale benchini. Juzi alipita akaona nimelitia kwenye mlango wa banda la kuku. Akalitazama, akaagiza kahawa.