Vidole Mashavuni Kwanza: Miaka Thelathini na Mitatu ya Mzee Egidi Kinunda

Mzee Egidi Kinunda, tabibu wa meno wa kituo chetu cha afya hapa Mbinga, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Kuanzia vijiji vya milimani hadi Ngumbo ziwani, hakuna anayejua ameng'oa magego mangapi. Mwenyewe anakumbuka mawili tu.

Yalikuwa ya Bwana Thadei Mbunda, mkulima wa kahawa wa Mbuji. Mwaka 1994 alikuja anaumwa taya. Tabibu Egidi, kijana mwenye koleo jipya na haraka nyingi, akang'oa gego moja. Maumivu yakabaki. Wiki iliyofuata akang'oa la pili. Maumivu yakabaki palepale. Meno yalikuwa mazima. Kilichouma ni msuli wa taya, maana Bwana Thadei alikuwa akikaza meno usingizini.

Mzee alikwenda kwake kuomba radhi. Alisamehewa, akapewa na kahawa. Lakini tangu hapo Bwana Thadei hakukalia tena kiti chake. Kanisani walisalimiana vizuri, misibani walikaa benchi moja, ila jino likimuuma alipanda basi kwenda Songea. Kila mfanyakazi mpya husimuliwa habari hii na Mzee mwenyewe siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo. Na kila mara alimalizia kwamba kabla ya kustaafu anatamani jambo moja tu: Thadei akae kwenye kile kiti.

Kosa hilo ndilo lililozaa utaratibu wetu. Koleo halishikwi kabla vidole havijapita mashavuni. Ng'ata. Legeza. Ng'ata tena. Sauti yake hupenya mlango, na wanaosubiri kwenye benchi hung'ata na kulegeza kabla ya kuitwa.

Mwaka jana akaja Mwalimu Scholastica, binti wa Bwana Thadei, aliyeolewa Lundo, kijiji cha ufukweni mwa ziwa. Kichwa kinamuuma kila asubuhi, mashavu magumu, gego limepasuka kwa kusaga meno. "Baba ameniambia nije," alisema, "ila ukishika koleo nikimbie." Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

Hakushika koleo. Alimpa kinga ya plastiki ya kuvaa akilala na kumfundisha kukanda mashavu. Ilisaidia kidogo, haikutosha. Daktari bingwa wa kinywa, Ambokile, alipokuja na timu ya madaktari wanaozunguka wilayani, walikubaliana achomwe sindano za botulini kwenye misuli ya taya, ile dawa ambayo watu huiita botoksi. Dawa hiyo huzuia ujumbe wa neva usiufikie msuli, msuli ukapumzika. Haiui taya. Nguvu ya kung'ata hupungua kwa wiki kadhaa, kisha hurudi polepole, miezi mitatu minne hivi. Mzee alimweleza mgonjwa yote hayo, na kwamba ale vyakula laini.

Hakumweleza mpishi.

Mpishi alikuwa mama mkwe wa Mwalimu, Mama Margareta, na nyumbani kwake kichwa cha mbasa mkavu, samaki wa ziwa letu, hupewa mtu anayependwa. Siku tatu mfululizo mkwe akakiacha sahanini. Akaona aibu kujieleza, na mama akanuna. Kufika Jumapili, ufukwe mzima unasema Mbinga kuna sindano ya kuua taya. Benchi letu likawa tupu wiki mbili, na Lundo watu wawili wa nyumba moja wakawa hawali pamoja.

Mzee akaomba ruhusa ya siku moja, akaenda. Mwandishi wa wasifu huu alichukuliwa pamoja na mtoto wake mgongoni, kwa maelezo kwamba mama mkwe hafukuzi mtu mwenye mtoto.

"Shikamoo, mama. Nimeleta kosa langu," akaanza. Akamwomba aweke vidole kwenye mashavu yake mwenyewe, ang'ate, alegeze. Kisha aweke kwenye mashavu ya mkwe.

"Kwangu panaruka kama chura," alisema Mama Margareta. "Kwa huyu pamelala."

"Pamelala, mama. Pataamka."

"Na mimi nimemnunia mtoto wa watu wiki mbili! Wewe tabibu, uliogopa nini kuniambia?"

Mzee alikunywa mchuzi wa samaki aliopewa, wote. Tangu hapo, kadi ya kila anayechomwa sindano hizo ina mstari wa jina la mpishi, na mpishi huitwa naye. Mwezi wa nne baada ya sindano, Mzee aliandika kwenye faili la Mwalimu: "Amekula mbasa mkavu. Maumivu ya kichwa yamepungua sana. Mama mkwe ameshuhudia."

Wasichana waliokuja wakitaka sindano hiyo ili uso uwe mwembamba, aliwaambia dawa si ya kuchezea, msuli ukichomwa mara kwa mara hukonda, waende nyumbani wakale makande. Na sisi kina mama wa kituoni wenye watoto wachanga hatutamsahau. Akikuona umekaza taya kwa uchovu, alisema: midomo ifunge, meno yaachane, na mtoto nipe mimi.

Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, Bwana Thadei aliingia na kofia mkononi. Akakaa kwenye kiti.

Mzee aliweka vidole mashavuni. Sisi tulikuwa tumejazana mlangoni. "Ng'ata."

"Ning'ate na nini, na mawili uliyachukua wewe?"

Tulicheka, hata Mzee. Bwana Thadei akang'ata, akalegeza. Msuli ulikuwa salama. Lakini upande wa kushoto kulikuwa na gego lililooza kweli, na Mzee akamwonyesha kwa kioo, akamweleza, kisha akasimama mikono nyuma, akisubiri.

"Hilo," alisema Bwana Thadei, "ng'oa."

Mzee Kinunda, asante. Koleo tumeliosha, tumelifungia, na kesho asubuhi usije; ukionekana tutakufungulia kadi ya mgonjwa. Msimu wa kahawa umeanza, na Mbuji una rafiki anayekusubiri. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na mahindi ya kuchoma. Umekaza miaka thelathini na mitatu, Mzee wetu. Sasa legeza.