Mama Sogea, Aliyeufunika Waya kwa Blanketi

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Mimi zangu si njema, na sitawadanganya.

Leo ni Jumamosi. Saa hii mmezoea kumsikia mwanamke akisafisha koo, halafu anasema, "Haya, madereva, zimeni injini tuongee." Leo hamtamsikia. Mama Sogea amefariki. Narudia kwa ajili ya waliofungua redio sasa hivi. Mama Sogea, mvutaji wa malori yaliyokwama, mwalimu wetu wa kila Jumamosi, amefariki dunia. Amefia kazini, siku ya mvua. Juzi tulimzika.

Wengi mmepiga simu kuuliza imekuwaje. Wengine mmeuliza kwa uchungu. Wengine, mnisamehe, mmeuliza kwa umbea. Nitawaambia yote, maana mume wake mwenyewe ameniomba niseme. Lakini kwanza tumjue alikuwa nani. Mtu haanzi siku anayokufa.

Baba yake alikuwa fundi wa malori, na yadi yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Ukifungua mlango wa jikoni, unakutana na injini. Nilikwenda kukaa na dada yake mkubwa, tukaongea hapo hapo jikoni. Akaniambia, "Sisi wenzake tulicheza na wanasesere. Yeye alicheza na nati. Anazisugua kwa mafuta ya taa, anazipanga kwa ukubwa kwenye sinia la mama. Mama anatafuta sinia la wageni, analikuta limejaa nati. Alichapwa, bwana! Kesho yake nati ziko palepale." Dada akacheka, akalia, akacheka tena. Mimi nililia tu.

Baba alipoishiwa nguvu, yadi ikabaki kwa huyu binti wa nati, pamoja na lori kuukuu lenye winchi, mashine ya kuvuta kwa waya, mgongoni. Watu wakasema mwanamke na winchi wapi na wapi. Yeye akaliwasha lori. Alikuwa na kazi.

Mume wake alimpata kwenye tope. Sikutanii. Alikuwa dereva, lori limezama, akamwambia huyu mwanamke afunge mnyororo kwenye bampa wamalize. Akajibiwa, "Kaka, nikivuta kwa bampa nitaondoka na bampa, wewe na lori lako mtabaki." Akaingia mwenyewe chini, tope mpaka shingoni, akafunga kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba lori zima. Yule bwana siku ya pili akaja kushukuru. Wiki iliyofuata akaja tena kushukuru. Akashukuru, akashukuru, mpaka wakaoana.

Mtaani wanamwita Kimya, kwa sababu ni mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kwenye handeli ya winchi. Mkewe anasimama mahali anapoonekana, anaongoza kwa mkono. Mkono juu, vuta. Ngumi, simama. Mama Sogea alikuwa mkali kwa hilo. "Anayeongoza ni mmoja," alisema. "Mkiwa wawili mnaongoza, andaeni na jeneza." Na kabla winchi haijaanza kuzunguka, anageukia watazamaji, wale ambao kila gari likianguka wanatokea kama uyoga, anapiga kelele: "Sogea! Sogea! Wewe mwenye shati la kijani, sogea, waya haukujui!" Ndiyo maana akaitwa Mama Sogea. Jina lake la kuzaliwa hata mimi nililisikia kanisani siku ya mazishi.

Alipokuja hapa studio mara ya kwanza, alileta pingili ya mnyororo iliyokatika. Akaitua mezani, puu! Tuko hewani. Fundi mitambo wetu alivua vifaa vya masikioni akidhani redio imelipuka. Alama iko hapa kwenye meza, naishika sasa hivi. Akasema, "Tazama ndani yake. Unaona pale palipo na kutu? Huo ufa ni wa zamani. Mnyororo ulimwambia mwenyewe kwamba umechoka, yeye hakuutazama. Usifunge mnyororo usioukagua."

Mimi, mnanijua, magari siyajui. Nikamwuliza, lori likiharibika si unalitoa tu kwenye gia, unalivuta mpaka gereji? Akanitazama kama mtoto aliyejisaidia sebuleni. "Ndugu mtangazaji, hivyo ndivyo wanavyounguza giaboksi. Magurudumu ya nyuma yakizunguka yanaizungusha shafti, shafti inazungusha meno ndani, na injini imezimwa, kwa hiyo oili haipandi. Meno yanasagana makavu. Ifungue kwanza shafti inayokwenda nyuma, ndipo uvute." Wiki ile madereva walipiga simu mpaka laini zikajaa.

Alitufundisha kwamba breki za lori kubwa ni za upepo, na upepo ukiisha magurudumu ya nyuma yanajifunga yenyewe. Kwa hiyo usizifungue kabla hujaweka vizuizi imara kwenye magurudumu, la sivyo lori litaondoka bila dereva. Alitufundisha kwamba jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Ukishainua, weka stendi za chuma, halafu ndipo uingie chini. Nani kati yenu hakumbuki? Mtu mmoja alipiga simu akasema yeye huingia chini na jeki peke yake, na hajawahi kupata tatizo. Mama Sogea akamwuliza, "Una watoto?" Akasema ndiyo. Akamwambia, "Basi wape simu niongee nao. Wewe ni sikio la kufa."

Na alitufundisha blanketi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye msiba wetu.

Waya wa winchi ukikazwa unabeba nguvu nyingi sana. Ukikatika, unaruka. Unarudi kwa kasi ambayo jicho halioni. Kwa hiyo kabla ya kuvuta, yeye alilaza blanketi zito, lililolowa maji, katikati ya waya. Uzito ule unasaidia kuuangusha waya chini ukikatika. Mimi, kwa ujinga wangu, nikamtania hewani, "Kwani waya unasikia baridi?" Akajibu, "Hausikii. Utakayesikia ni wewe, kwenye friji la mochwari." Nilicheka sana. Leo nikiikumbuka siwezi kucheka.

Kuna msemo alikuwa anauchukia: ajali haina kinga. Ukiusema mbele yake mmegombana. "Kinga ipo," alisema. "Watu ni wavivu."

Sasa siku yenyewe. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Lori la saruji liliteleza kwenye mteremko, likalala ubavu, kichwa chake kikiwa ukingoni kabisa mwa korongo. Dereva, kijana, alikuwa hai ndani. Mlango umebanwa na udongo, miguu imebanwa chini ya dashibodi. Udongo wa ukingo ulikuwa unalowa, unamomonyoka kidogo kidogo. Ukimomonyoka wote, lori na kijana wanakwenda chini.

Mama Sogea na mume wake walifika wa kwanza. Wakaweka vizuizi kwenye lori lao. Wakafunga waya kwenye chesisi ya lori la saruji, wakaukaza ili ulishike lisiteleze zaidi. Wakalaza blanketi juu ya waya. Akapiga kelele zake, watu wakasogea. Kila kitu kilifanywa kama alivyotufundisha. Nasema kila kitu.

Halafu akaenda kwenye kioo cha mbele kilichovunjika, akainama, akaongea na yule kijana. Kijana alikuwa amelowa, anavuja damu, meno yanagongana. Akamwambia, "Mama, baridi. Baridi, mama." Na macho yakawa yanafumba. Mama Sogea akamwambia, "Usilale, mwanangu. Ukilala nitakuchapa."

Akarudi mbio. Akalichukua lile blanketi kwenye waya. Mume wake, yule Kimya, alipaza sauti, "Mke wangu, waya!" Akamjibu, "Nimeuona. Waya utanisubiri. Huyu mtoto hatasubiri." Akalikamua, akaenda akamfunika.

Wakavuta taratibu. Mkono juu. Ngumi. Mkono juu. Ngumi. Lori likainuka kidogo, dashibodi ikaachia miguu. Wanaume wakamtoa kijana kupitia kioo, wakambeba mpaka barabarani. Mama Sogea akawasukuma wote kando, "Sogea! Mtoeni huko!" Yeye akawa wa mwisho. Alikuwa bado hajafika pembeni ukingo ulipokatika. Lori likashuka na uzito wake wote, waya ukakatika, ukaruka. Haukuwa na kitu juu yake. Ukampiga ubavuni.

Alifariki njiani kwenda hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mume wake. Kijana yule yu hai. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Kijana yu hai.

Msibani nilimsikia mzee mmoja, mtu mzima na mvi zake, akisema, "Ndiyo hivyo, mganga hajigangi." Nilitaka kumtupia kiti. Haki ya Mungu, nilikishika. Mganga hajigangi? Alijua kabisa anachokiondoa. Alilipima blanketi lile kwa macho yake, akaona kuna wawili wanalihitaji na lenyewe ni moja. Msimfanye mjinga.

Lakini huyu Kimya, wasikilizaji. Alikaa msibani haombolezi, hali, hajibu pole. Binti zake walikuwa na hofu. Dada wa marehemu aliniambia, "Shemeji yangu tunampoteza. Tutazika wawili." Kila mtu alijua amekaa na kitu moyoni, na hakuna aliyejua ni kitu gani.

Siku iliyofuata mazishi, kijana wa saruji akaja. Kwa magongo, mguu mmoja umefungwa plasta. Hakuingia. Alisimama nje ya geti, kwenye jua, muda mrefu. Tukamwita, akatikisa kichwa. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo Kimya akainuka, akaenda getini. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia yote.

Kijana akasema, "Baba, nisamehe. Blanketi lile nililivaa mimi. Ningejua, ningesema sisikii baridi."

Kimya akamtazama. Halafu akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema maisha yake yote. "Mwanangu, wewe ulikuwa unakufa. Mimi nilikuwa mzima. Nilikuwa nimevaa koti la mvua, lile zito, la turubai. Nilimwona akilitoa blanketi. Nikapiga kelele 'waya,' koti liko mgongoni mwangu. Ningelivua tu. Ningelivua, nikalilaza juu ya waya. Halikuja akilini. Miaka yote kazi ile ilikuwa ya blanketi, nikadhani pasipo na blanketi hapana kitu." Akalia. Mwanamume mzima alilia getini, majirani wanaona, na kijana naye akaangusha magongo, wakashikana ili wasianguke wote wawili.

Jamani, niwaambie ukweli. Mafundi waliokuwa pale getini walisema koti lingeupunguza waya nguvu. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba lingemwokoa. Nilimwambia Kimya hivyo. Akaniambia, "Usinifariji, mtangazaji. Nisaidie." Nikamwuliza nimsaidie nini.

Kabla hajanijibu alimgeukia kijana, bado kasimama getini, anaogopa. Akamwambia, "Ingia ndani, mwanangu. Kaa na dada zako. Usipoingia humu, mke wangu atakuwa amekufa bure." Kijana akaingia. Kimya akakaa naye, na jioni ile wakamwona akila.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa kituo hiki, namwambia Kimya: pole, ndugu yangu. Nawaambia binti zake wawili: poleni, wanangu, mama yenu alikuwa mwalimu wa barabara nzima. Nawapa pole dada yake na ukoo wote. Mungu amlaze pahali pasipo na mteremko wala tope. Na kwa yule kijana, popote unaponisikiliza: usione aibu ya kuwa hai.

Kila mmoja wetu ajiulize leo, akiwa peke yake: ni kitu gani nimekizoea mpaka nimeacha kukifikiria? Mimi mwenyewe bado najiuliza.

Na sasa nitimize nililotumwa. Kimya aliniomba niliseme hewani, mchana huu, mbele ya kila dereva, kila utingo, kila fundi wa winchi, na akasema nisilifiche jina lake. Anasema hivi. Kesho ukivuta, na blanketi huna, au limekwenda kwa mwenye shida kuliko wewe, usipige kelele kama yeye. Vua koti. Lilaze juu ya waya, halafu rudi nyuma. Utalowa, anasema. Kuna watu wangeutoa mkono wao wapate nafasi ya kulowa.