Tundu la Bomba

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya karakana ya fundi friji waliyemwita Baridi. Kila alasiri walikaa hapo watu wale wale: Volti, fundi umeme, na Kamusi, mwalimu mstaafu asiyekubali kukosa jibu. Birika la kahawa lilikaa katikati yao. Siku hiyo Baridi hakugusa kikombe. Alikuwa na bomba jipya la shaba la kumiminia bia mkononi, analigeuzageuza. Nyuma yake, ndani ya karakana, lilisimama friji kuukuu lenye tundu moja mlangoni, na kando yake pipa la bia aliyoipika mwenyewe. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: kuingiza pipa, kuunga mtungi wa gesi, kukaza bomba kwenye tundu. Tundu hilo lilitobolewa miaka miwili nyuma na mdogo wake. Alilitoboa, akapangusa mikono, akasema anakwenda kununua bomba, anarudi sasa hivi. Hakurudi.

— Funga bomba tunywe, bwana, alisema Volti. Kwa joto hili, kesho hiyo bia itakuwa siki.

— Nikifunga, sitaona tena ndani.

— Ndani ya friji unaangalia nini?

Baridi alisita. Alijua atachekwa.

— Taa. Mlango nimeufunga, lakini nikichungulia tunduni, naona taa inawaka.

Volti alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Swichi hiyo, kaka! Ya mlangoni. Imechoka, haikati. Weka nyingine.

— Nimeweka.

— Basi toa balbu, yaishe.

Baridi akaingiza mkono mfukoni, akatoa balbu ndogo, akailaza benchini kati ya vikombe. Hakuna aliyeigusa.

— Umeme unavuja, alisema Volti, sasa kwa sauti ya chini kidogo. Unatambaa kwenye bati.

— Waya nimeuchomoa ukutani tangu asubuhi.

Kamusi akakohoa kama aliyekuwa akingoja zamu yake.

— Ninyi hamsomi. Ni hamira! Hamira ni kiumbe hai. Imepumua humo, imenenepa, sasa inatoa nuru. Kuna samaki wa vilindini hufanya hivyo hivyo.

— Mwalimu, pipa sijaliingiza. Friji ni tupu.

— Tupu?

— Halina hata rafu.

— Basi linakumbuka! Chombo kimewashwa na kuzimwa miaka kumi na mitano, unataka kisahau kwa siku moja? Mimi mpaka leo, ikifika saa nne, nasikia kengele ya mapumziko.

— Wewe unasikia njaa, mwalimu, alisema Volti, lakini hakucheka. Aliuliza, macho kwenye balbu: Hiyo taa ina rangi gani?

— Njano. Balbu yangu ni nyeupe, unaiona. Ile ni njano, kama taa ya ukumbini ambayo watu humwachia mtu aliyechelewa.



Hapo ndipo walipogundua kwamba kuna mwanamke amesimama karibu nao, ana pasi mbovu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuja kutafuta fundi, akanaswa na mazungumzo.

— Samahanini, kaka zangu. Taa ya friji si huwaka mlango unapofunguliwa?

— Ndiyo, dada, alisema Volti.

— Na huo mmeufunga.

— Tumeufunga.

— Sasa ni mlango gani uliofunguliwa?

Volti alimtazama Kamusi. Kamusi aliinua birika, akalikuta jepesi, akalirudisha.

Baridi alisimama na bomba lake, akaingia karakanani. Wenzake walimfuata hadi kizingitini, wakaishia hapo. Mwanga wa njano ulitoka tunduni ukadondoka sakafuni, mdogo kama sarafu. Baridi angeweza kuliziba lile tundu kwa mizunguko minne ya spana, jioni wakanywa, akaacha kumngoja mdogo wake. Badala yake akagonga bati mara tatu kwa kidole.

— Hodi.

Mwanga haukuzimika. Ulizibwa, taratibu, kama mtu wa upande wa pili ameinama na kuweka jicho.

Baridi akalilaza bomba chini, akapiga magoti, akaleta jicho lake.