Mwalimu Aminieli Mrutu, Aliyechora Ndege wa Shengena

Mwalimu Aminieli Mrutu, tunayemzika leo hapa Gonja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1909, mtoto wa kwanza wa mzee Manase na mama Zipora. Wa pili na wa mwisho alikuwa Gideoni.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1919 hadi 1925. Huko alichapwa kwa kuchora ndege aina ya shore kwenye kibao cha hesabu. Mwalimu aliyemchapa alikipeleka kibao kile nyumbani kwake, akakataa kukifuta. Mwaka 1926 marehemu mwenyewe akawa mwalimu wa darasa la kwanza, na mmoja wa watoto aliowashika mkono kuwafundisha kuandika alikuwa mdogo wake Gideoni.

Tarehe 22 Agosti 1931 alifunga ndoa na Eliwaza binti Danieli, wa Mbaga. Bwana harusi alichelewa kanisani kwa sababu njiani alisimama kumtazama ndege. Eliwaza alimsamehe siku hiyohiyo, ila hakuacha kumkumbusha.

Mwaka 1933 alifika Bwana Whitcombe, mpima ardhi mstaafu, akitaka kutoa kitabu cha ndege wa milima yetu. Kwa miaka sita marehemu alimchorea picha mia moja na kumi na mbili. Bwana alileta ndege waliokwisha kupigwa risasi. Marehemu alichora manyoya yote, lakini jicho aliliacha jeupe. Ndege akifa jicho lake hupoteza rangi, kwa hiyo alipanda msitu wa Shengena na kukaa kwenye unyevu hata siku tatu, mpaka amwone aliye hai, ndipo arudi kulijaza. Kifua kilichomuua kilianzia huko.

Walikubaliana kwa mdomo kwamba jina lake litaandikwa kitabuni. Eliwaza alitaka waandikiane. Mumewe alikataa: mtu aliyekula makande nyumbani kwako, alisema, humwandikishi kana kwamba ni mwizi. Hapo alikosea, na mkewe anasema hivyo hata leo. Bwana alikula makande yale miaka sita, akaongezewa, kisha mwaka 1939 akarudi kwao na picha zote.

Kitabu kilifika Same mwaka 1951. Isihaka, mwenye duka pale sokoni, alikiazima kwa mgeni akampandishia mwalimu. Picha zote zilikuwemo. Jina lilikuwa la mke wa Bwana, mama aliyefika mara moja, akalala Same, akaondoka. Marehemu aliwaandikia wachapaji. Baada ya miezi saba walijibu, wakiambatanisha nakala ya ushahidi wa mwaka 1939: kwamba picha zilichorwa na Bibi, na Aminieli alikuwa mbeba rangi tu. Ushahidi wote ulikuwa umeandikwa kwa mkono, na chini yake kulikuwa na saini ya Gideoni, ambaye mwaka huohuo, kwa barua ya Bwana, alipata ukarani mjini Same.

"Mwandiko huu nimeufundisha mimi," marehemu alisema. Hakushika tena brashi. Ya Bwana yalimuuma yakapoa. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilimla miaka minne. Kila Krismasi Gideoni alikuja, akasema shikamoo kaka, akaitikiwa marahaba, na Eliwaza akampakulia chakula.

Kifua kilimlaza Januari 1956, akafariki tarehe 9 Juni, saa nane mchana. Wiki moja kabla, alimwagiza mkewe juu ya wasifu huu: "Andika wewe. Asome Gideoni, asiruke mstari." Eliwaza aliandika. Gideoni alipoletewa jana aliusoma peke yake nyuma ya nyumba, akarudi kuomba aya moja ifutwe. Alikataliwa, na ombi hilo nalo likaandikwa. Ndiye mnayemsikia sasa.

Marehemu ameacha mjane, Eliwaza, watoto wanne, Sefania, Ruthi, Yudith na Danieli, wajukuu watatu, na ndugu mmoja wa tumbo moja, Gideoni Mrutu, ambaye kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya kaburi hili, anashuhudia kwamba picha zile zilichorwa na kaka yake.

Mungu ampe Aminieli pumziko la amani.