Ambwene wa Nukta Nyekundu

Mchungaji na wazee wa kanisa, wazee wa ukoo wa Mwaisaka, wakwe zetu mliotoka Isongole, majirani wa Kawetele, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu siku ya leo Jumatano tarehe 14 Mei 2025, mimi naitwa Lusungu, ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa Mzee Jairo, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu. Karatasi hii wazee waliipitia jana wakaikubali, ila kuna jambo ambalo halikuwemo walipoipitia, nimeliongeza mwenyewe asubuhi hii, linanihusu mimi na yeye, nami nitalisoma litakapofika mahali pake, naomba mnivumilie.

Marehemu Ambwene Jairo Mwaisaka alizaliwa hapa Kawetele tarehe 9 Aprili 1976, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Jairo na mama yetu Esnath, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele. Alianza darasa la kwanza mwaka 1984 na kumaliza la saba mwaka 1990, na ilikuwa akiwa darasa la tano alipoifungua redio ya baba siku ya mechi, akaitandaza vipande vipande juu ya mkeka, baba akatafuta fimbo, lakini kabla fimbo haijapatikana redio ikawa inasema kwa sauti kubwa kuliko awali, na baba akakaa chini akasikiliza mpira. Alisoma sekondari hapo Tukuyu mjini kuanzia 1991 hadi 1994, kisha akaenda Mbeya kujifunza ufundi wa umeme na redio, akahitimu Novemba 1997.

Tarehe 1 Februari 1998 aliajiriwa kuwa fundi katika kiwanda kimoja cha chai cha huku kwetu, akafanya kazi hapo miaka kumi na mitano bila kuandikiwa barua ya onyo hata moja. Mwezi wa nane mwaka 2003 mhasibu wa kiwanda alimwaga kikombe kizima cha chai ya maziwa juu ya kompyuta yake ya mkononi, ThinkPad nyeusi, akaona haifai tena, akasema itupwe, na kaka akaomba apewe yeye. Aliifungua skrubu kwa skrubu, akaisafisha kwa spiriti na mswaki, kisha akaifunga kwenye kanga na kuizika ndani ya gunia la mchele wa Kyela kwa siku tisa, na kwa kuwa gunia lilikuwa moja tu nyumbani, tuliendelea kulichota, na mama hadi leo anasema wali wa wiki ile ulikuwa na harufu ya redio. Siku ya kumi aliiwasha ikawaka, akatoka nje akawaita majirani waje waone, na wapo humu waliokuja wakidhani kuna mgonjwa amepona.

Tangu siku hiyo kaka yangu alikuwa mtu wa ThinkPad, na sisemi hivyo kwa utani, kwa sababu nimemsikia mara nyingi akieleza sababu zake, kwamba kibodi yake inampokea mtu vidole, kwamba ile nukta nyekundu iliyo katikati ya vibonyezo inakuwezesha kusogeza mshale bila kuinua mkono, na kubwa kuliko yote, kwamba watengenezaji wametoa kitabu kinachoonyesha namna ya kuifungua hadi skrubu ya mwisho, na kwake yeye, anayekuonyesha namna ya kufungua kitu chake anakuheshimu. Wenye kompyuta za aina nyingine hakuwasema vibaya, aliwaita ndugu ambao bado hawajafikiwa, na kila alipowaombea kanisani kimoyomoyo mimi nilijua.

Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa takatifu na Doreen, mwalimu, binti wa Isongole, na shemeji ameniruhusu niseme kwamba siku kaka alipokwenda kujitambulisha ukweni aliifungua redio ya baba mkwe kabla hajakaribishwa chakula, na kwamba yeye shemeji aliolewa akijua kabisa anaingia nyumba yenye mke mwenzie mweusi anayelala mezani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Baraka aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2008, na Alinanuswe aliyezaliwa tarehe 22 Januari 2012.

Sasa nafika mahali pangu. Oktoba 2010 nilipata nafasi ya chuo Mbeya, na asubuhi ya kuondoka kaka alinipa kompyuta ile ile ya kwanza, ile ya gunia la mchele, akaifuta kwa shati lake mwenyewe na kunikabidhi kwa mikono miwili, ilhali yeye akabaki bila kompyuta nyumbani. Chuoni wenzangu walikuwa na mashine nyembamba zenye rangi ya fedha, wakaicheka yangu, wakaiita tofali, nami sikuwa na moyo wa kuchekwa. Machi 2011 nilibadilishana na mwanafunzi mmoja wa uhandisi wa kilimo, aliyeitwa Wilson, akanipa yake nyembamba ambayo betri yake haikuwa inashika chaji, akachukua tofali langu akifurahi, kisha nikampigia kaka simu nikamwambia nimeibiwa bwenini.

Ndugu waombolezaji, sikuibiwa. Wengi wenu mmeishi na habari ya wizi ule miaka kumi na minne, wengine mliniletea pole, na mama aliniombea, nami nikazipokea zote. Kaka alikuja Mbeya kesho yake, mvua inanyesha, akiwa amelowa hadi miguuni, na hakuuliza kompyuta kwanza, aliuliza kama wezi wamenijeruhi, akanikagua mikono na kichwa, kisha akanipa koti lake na kurudi kazini kwa sababu aliomba ruhusa ya siku moja tu.

Aliporudi alianza kuitafuta. Namba iliyoandikwa chini ya mashine ile aliijua kwa kichwa kama anavyojua jina la mama, akabandika matangazo Tukuyu, Isongole hadi Matwebe, kwamba yeyote mwenye kompyuta nyeusi yenye nukta nyekundu ailete akague namba, naye kwa shukrani ataisafisha bure. Watu walianza kuja, mwalimu, mganga wa zahanati, katibu wa chama cha wakulima, na kila mmoja alipoona mashine yake imefunguliwa, imepulizwa vumbi, imerudishwa inanong'ona badala ya kunguruma, hakuondoka tena moja kwa moja, alirudi wiki iliyofuata na mwenzake. Ndivyo kilivyozaliwa kikundi cha Nukta Nyekundu, tarehe 27 Julai 2013, katibu wake akiwa dada yetu Mwantum wa steshenari ya pale stendi, na fundi cherehani Rajabu akawashonea wote kifungo chekundu mfukoni mwa shati kama mnavyowaona leo, watu sitini na wanne, Wakristo na Waislamu, wameketi mkono huu wa kushoto. Naomba mjue mlizaliwa na uongo wangu, na kama mna la kunifanya mtanifanya baadaye.

Mwaka ule ule kaka aliacha kazi kiwandani akafungua karakana yake, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikutana hapo. Walikuwa na utaratibu wao, mashine ikishindikana hawaitupi, inawekwa mezani mbele ya wote, Mwantum anasoma historia yake, ilifika lini hapa wilayani Rungwe, ilitumikia wapi, iliugua nini, kisha viungo vyake vinagawiwa, feni kwa huyu, kioo kwa yule, na aliyepokea anasimama kushukuru. Kwa hiyo msishangae mkiwaona wametulia kuliko sisi wafiwa, historia za namna hii wamezizoea. Kwa viungo hivyo hivyo waliziwezesha shule mbili za kata ya Matwebe kuwa na kompyuta kumi na tisa, na kaka alikwenda kuzikagua kila robo mwaka kwa bodaboda, bisibisi zikiwa kifuani ndani ya koti.

Mwaka 2018 aliacha ghafla kuitangaza ile namba, matangazo yakachakaa hayakubandikwa mengine, nami moyoni nilishukuru, nikadhani amesahau. Juzi Jumatatu nilikwenda kwa Mwantum anichapie karatasi hii, akafika mahali nilipokuwa nimeandika kwamba mwaka 2011 marehemu alipata pigo la kuibiwa kompyuta, akaondoa vidole kwenye kibodi, akaniambia, "Lusungu, hapo sichapi." Akanieleza kwamba tarehe 24 Februari 2018 bwana mmoja, afisa kilimo, alileta ThinkPad iliyovunjika bawaba, kaka akaigeuza, akasoma namba, kisha akamuuliza kwa upole aliipata wapi, na Wilson, maana ndiye, akasema bila wasiwasi wowote kwamba walibadilishana na mwenzake chuoni, kijana wa Tukuyu, Lusungu. Kaka alitengeneza bawaba ile hadi ikawa kama mpya, akamrudishia mwenyewe, akamkaribisha kwenye kikundi, na Mwantum alipomuuliza kama atanikabili, alimjibu, "Mwache. Ataniambia mwenyewe siku akiwa tayari."

Miaka saba alinisubiri. Alikula kwangu Krismasi, alisimamia ubatizo wa mwanangu, alinitengenezea simu, na hakuna siku sura yake ilibadilika kwangu, na mimi niliyekuwa nikijiona mjanja ndiye niliyekuwa nimewekwa wazi mezani muda wote ule bila kujua.

Novemba 2024 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapimwa ikaonekana moyo umetanuka, akatibiwa hapa Tukuyu, na tarehe 19 Aprili 2025 akapewa rufaa kwenda Mbeya. Wana-Nukta walikwenda kumwona, wengi wao kwa basi dogo, na pale mapokezi wakasikia kompyuta ya karani inanguruma feni, ThinkPad, wakasahau aliyewaleta, na muuguzi aliporudi aliikuta imefunguliwa juu ya kaunta na watu wazima sita wameizunguka, wakafukuzwa, wakaomba kwanza waifunge, na kaka aliposimuliwa alicheka hadi mashine iliyompima moyo ikalia, ndiyo mara ya mwisho mimi kumwona akicheka.

Nilikuwa nikienda kila baada ya siku mbili, na kila nilipoaga alinishika mkono na kuniuliza, "Lusungu, huna la kuniambia?" Nikamwambia ng'ombe amezaa. Safari nyingine nikamwambia parachichi zimeanza kuchumwa. Jumamosi tarehe 10 nikamwambia Baraka anajiandaa vizuri na mtihani, naye akaitikia kwa kichwa, akasema haya, safiri salama. Jumapili tarehe 11 Mei, saa kumi na moja alfajiri, Bwana alimtwaa, akiwa na miaka arobaini na tisa, ameacha mama, mjane, watoto wawili na ndugu watano.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Tukuyu na Mbeya, hasa yule muuguzi wa mapokezi ambaye siku ya pili aliwaruhusu warudi, tunawashukuru majirani mliokesha nasi na kutuletea kuni, ndizi na maji, wafanyakazi wa kiwanda aliokaa nao miaka kumi na mitano, Kanisa, na ndugu zetu wa Nukta Nyekundu, ambao tangu Jumapili hawajaenda makwao. Ndaga fijo, asanteni sana, Mungu awabariki.

Na kwako kaka, naomba nigeuke nikuelekee, maana swali lako sikulijibu na sitaki ulale nalo. Ninalo la kukuambia. Kompyuta yako haikuibiwa, niliitoa kwa mikono yangu mwenyewe kwa sababu nilikuonea aibu, wewe uliyenipa cha pekee ulichokuwa nacho, nikakuacha unakitafuta milima yote hii. Nimechelewa siku tatu. Nisamehe, na upumzike vyema mikononi mwa Bwana, kaka yangu.