Thelma Garfoot na Ovaroli za Jumatatu

Wasikilizaji wapendwa, Thelma Garfoot amekufa kwa sababu ya kufua nguo.

Sisemi kwa mafumbo. Alifua ovaroli za mumewe. Ovaroli hizo zilikuwa na vumbi la asbesto. Vumbi likaingia kifuani mwake, likakaa, likamuua. Alifariki mwezi Machi, akiwa na miaka sabini na moja. Wako walionipigia simu hapa studio wakaniambia, ngoja kwanza, msiba bado mbichi. Nimengoja hadi leo, mwezi Mei. Leo nasema.

Thelma alizaliwa hapa hapa Lincolnshire, kwenye hii sehemu yetu tambarare ya Uingereza, baba yake mchimba viazi. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na sita kwenye kiwanda cha kusindika njegere makoponi, na akina mama wa kiwanda wakampenda kwa mdomo wake. Mwaka 1973 akaolewa na Neville Garfoot, fundi wa matrekta. Wakapata binti mmoja, Alison.

Mwaka 1986 Neville alikwenda kwenye mnada wa mali kuukuu za jeshi kutafuta jenereta. Akarudi na gari la deraya. Tani nne za chuma, kutu tupu, magurudumu mawili hayapo. Lori lililolibeba likaziba njia yetu yote ya kijiji, na dereva wa gari la maziwa akashuka kutukana. Thelma akatoka na aproni yake, akalizunguka lile gari mara moja.

"Linakwenda?" akauliza.

"Litakwenda," Neville akajibu.

"Lini?"

"Nipe mwaka mmoja."

"Neville, rafu ya bafuni uliniomba wiki moja. Alison alikuwa anatambaa. Sasa anaendesha baiskeli."

Ilichukua miaka tisa. Thelma akaliita gari Mabel. Akawa anawaambia watu, "Huyo ni mke mwenzangu. Hapiki, hafui, na anakunywa petroli kuliko mlevi. Lakini mume wangu akimtazama, macho yanamlegea."

Msidhani alikaa pembeni tu akikaanga mayai. Viti vya turubai vya Mabel alivishona yeye. Namba za jeshi ubavuni alizipaka yeye, kwa brashi nyembamba, huku ameuma ulimi. Mkono wake ulikuwa mdogo, kwa hiyo mabomba ya breki ambayo mwanamume hayafikii, aliyafunga Thelma. Mabel alipowaka mara ya kwanza, aliyekuwa kwenye usukani ni Thelma. Alibomoa uzio wa jirani. Akatoa kichwa kwenye tundu la juu akapiga kelele, "Nani aliuweka uzio barabarani?"

Sasa nifike penyewe.

Sisi tunaofufua magari haya tuna ugonjwa wetu. Tunataka kila kitu kiwe cha asili. Nati ya asili, rangi ya asili, hata mkanda wa kufungia koleo. Ukitia kitu kipya, wenzako wanakuja kwenye maonyesho, wanainama, wanatazama, wanaondoka bila kusema neno. Hilo linauma kuliko matusi. Mimi mwenyewe nimewahi kuinama hivyo mbele ya magari ya watu.

Neville alipata maboksi kumi na sita ya pedi za breki. Za asili. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi ya nta, na mhuri wa mwaka 1956. Tulikwenda kuyatazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Pedi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, kama zote za wakati ule. Ukitaka zikae sawa, unazipiga tupa. Ukimaliza, unapuliza ngoma ya breki kwa kompresa. Vumbi linapaa, jeupe, laini kama unga wa ngano. Linatua begani, mifukoni, kwenye mikunjo ya suruali. Neville alitengeneza breki za Mabel, kisha za nusu ya wanachama wa klabu yetu. Kila mtu alimletea, kwa sababu yeye ndiye mwenye pedi za asili.

Na kila Jumatatu Thelma alichukua ovaroli, akasimama mlango wa nyuma, akazikung'uta ili zisiharibu mashine. Akazikung'uta mbele ya uso wake. Kila Jumatatu, kwa miaka thelathini na tatu.

Je, tulikuwa hatujui? Wasikilizaji wapendwa, tulijua. Mwaka 1999 sheria ilipiga marufuku asbesto. Jarida la klabu liliandika nusu ukurasa. Neville alilisoma. Akaenda mjini akanunua barakoa nzuri ya kuvaa bandani. Alinunua moja.

Nilimuuliza Neville juzi, mbele ya Alison, "Hukufikiria nguo?" Akajibu, "Nilifikiria mapafu yangu. Nguo ni nguo." Alison akainuka akaenda kusimama dirishani.

Majira ya baridi ya mwaka juzi Thelma alianza kukosa pumzi kwenye ngazi za nyumbani. Januari mwaka huu ndipo wakaenda hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole.

"Mama, uliwahi kufanya kazi kwenye ujenzi wa meli? Kiwanda cha mabati?"

"Kiwanda cha njegere, mwanangu. Njegere hazina ubaya."

"Na mume wako?"

"Matrekta. Na nyumbani anafufua gari la deraya."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nguo zake alifua nani?"

Thelma aliniambia kwamba hapo hakumtazama daktari. Alimtazama Neville. Neville alikuwa anakunja kofia yake, anakunjua, anakunja.

Ilikuwa saratani ya utando unaofunika mapafu. Haina dawa ya kuiponya. Walipofika nyumbani, Thelma aliuliza swali moja: "Maboksi yamebaki mangapi?"

"Sita."

"Na nani mwingine anafua hizo nguo? Mke wa nani na nani?"

Kuanzia siku ile alitaka jambo moja tu. Alitaka kusimama mbele ya klabu, kwenye mkutano wa Februari, kabla ya maonyesho ya kiangazi, awaambie wanawake. Basi. Hakutaka fidia wala pole.

Mwenyekiti wetu, Godfrey Sleight, akasikia. Akaja na keki. Akakaa sebuleni akazungukazunguka, mara hali ya hewa, mara bei ya kabichi, mwisho akasema, "Thelma, ukilisema hili hadharani wakaguzi watatufungia. Maonyesho yatakwisha. Miaka arobaini ya kazi ya watu."

Thelma akamwambia, "Godfrey, mkeo Pauline hukung'utia wapi zako?"

Godfrey akaaga. Keki akaiacha.

Neville naye alimsihi. "Mke wangu, nihurumie. Watanitazamaje?"

"Watakutazama kama ninavyokutazama mimi. Nami bado nakupikia."

Siku ya mkutano ilipofika, kifua cha Thelma kilikuwa kimejaa maji. Wakamlaza hospitali. Akamshika Neville mkono. "Nenda wewe. Waambie wewe. Itakuwa vizuri zaidi ikitoka kwako."

Neville akaenda. Mimi nilikuwepo, nilikaa safu ya nyuma yake. Tukajadili mahema. Tukajadili vyoo. Tukabishana robo saa kuhusu bahati nasibu. Mwisho Godfrey akauliza, "Kuna mengineyo?" Akamtazama Neville. Neville akatazama viatu vyake. Mkutano ukafungwa, tukaenda kunywa bia. Nami sikusema kitu, ingawa nilijua kilichompeleka pale.

Akarudi hospitali. Thelma akauliza, "Umesema?"

"Nimesema."

"Wakasemaje?"

"Walinyamaza."

Kesho yake Thelma alimpigia simu Pauline Sleight kumuuliza wanawake wamepokeaje. Pauline akasema, "Wamepokea nini, Thelma?"

Alison alikuwepo pale kitandani. Anasema mama yake hakulia. Aliweka simu kifuani akasema, "Baba yako ni mtu mwema. Ni mwoga tu. Miaka hamsini nilidhani huo ni upole."

Hakumwambia Neville kwamba amejua. Aliishiwa nguvu haraka. Alianza kuwapigia wanawake wengine, akawapata wawili, sauti ikakatika, wakadhani anaaga. Wakamliwaza wakakata simu. Siku kumi na tisa baada ya mkutano, akafariki.

Alison ndiye aliyemwambia baba yake. Alimwambia asubuhi ya mazishi, ndani ya gari, njiani kwenda kanisani. "Alijua, baba. Alijua hukusema."

Baada ya mazishi tulikuwa ukumbi wa kijiji, chai na sandwichi za mayai, watu wanaongea kwa sauti za chini kama kawaida yetu. Neville akasimama. Hakugonga kikombe. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, "Nani kati yenu anafua ovaroli za mumewe?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, akidhani mzee amechanganyikiwa.

"Nyoosheni mikono. Nauliza wanawake."

Godfrey akamwendea. "Neville, kaa chini, bwana. Umechoka."

"Usiniguse, Godfrey. Nilikaa chini mwezi uliopita."

Pauline Sleight akaweka sahani chini, akanyoosha mkono wa kwanza. Wakafuata wengine. Niliihesabu, ilikuwa mikono tisa. Wa tatu ulikuwa wa mke wangu.

Neville akawaambia yote. Akawaambia pedi alizifunga yeye. Akawaambia alinunua barakoa moja. Akawaambia alitumwa kusema, akadanganya. Kisha akaomba radhi, na hakuna aliyejua atazame wapi.

Maboksi sita yamechukuliwa na watu waliovaa suti nyeupe. Maonyesho ya mwaka huu hayapo. Kuna wanachama hawamsalimii Neville. Aliniambia nitaje jina lake hewani, nisimfiche, nami nimelitaja.

Kwa Alison na watoto wake, kwa Neville, kwa akina mama wa kiwanda cha njegere mliobaki: poleni sana. Mmefiwa na mtu aliyesema wazi kuliko sisi sote. Na wewe mwanamume unayenisikiliza ukiwa bandani, zima hiyo kompresa kidogo. Fikiri ulichobeba kwenye nguo zako, na ni nani anayekipokea mlangoni.

Sasa gharama yake. Jumatatu elfu moja na mia saba. Miezi kumi na minne ya ugonjwa. Kilo ishirini na mbili za mwili wake. Maji ya kifua, mara kumi na moja. Ndoa ya miaka hamsini, iliyoishia kwenye uongo wa neno moja. Wanawake tisa wamekwenda kupigwa picha za kifua. Saba wamerudi na majibu mazuri, mke wangu akiwa mmoja wao.

Wawili wameitwa tena.