Kinyozi Anataka Gari la Ulaya

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, katikati ya saluni ya kinyozi na duka la spea. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo, kwa hiyo nasikia kila kitu, hata nisichotaka kukisikia. Wateja wangu wa kudumu ni wanne. Yupo Spea, mwenye duka la vipuri, ambaye akiona gari bovu anaona mteja. Yupo Sindano, mshona makava ya viti vya magari, mikono mizuri, mdomo mbaya. Yupo Rivasi, dereva mstaafu wa kampuni, tuliyempa jina hilo kwa sababu kila hadithi yake lazima irudi nyuma. Na yupo Kinyozi, mtu mpole siku zote, ila siku hiyo alitoka saluni na taulo begani, uso umefura, akaketi bila kumsalimia mtu. Kisa tulikijua. Wiki iliyopita alikuwa anamrudisha mama yake kutoka kliniki, pikipiki ikamkatia mbele, akakanyaga breki, na mama akarushwa kutoka kiti cha nyuma akagonga kiti cha mbele kwa bega. Mfupa ukavunjika.

Kinyozi: Nipe kahawa, dada. Kali. Kesho mama anatakiwa kliniki tena, bega likaangaliwe, na amegoma kupanda gari langu. Anasema bora atembee kwa miguu.

Spea: Pole, kaka. Hasira za wazazi hizo, zitapoa.

Kinyozi: Zipoe wakati mfupa haujaunga? Nimeamua. Hili nauza, nanunua la Ulaya. Kuna Mjerumani mmoja nimeshamwona, mzee lakini safi. Mwenye gari anataka jibu langu leo jioni.

Rivasi alipaliwa na kahawa. Sindano akampiga piga mgongoni huku anacheka.

Spea: Gari la Ulaya? Wewe? Na mkasi wako huo?

Kinyozi: Ndiyo, mimi. Na mkasi wangu huu.

Spea: Sikiliza, ndugu yangu. Gari la Ulaya ni ugonjwa. Leo taa ya injini imewaka, kesho ya mfuko wa hewa wa usukani, keshokutwa linataka kompyuta. Fundi wetu hapo mtaani kompyuta anayoijua ni ya simu yake.

Kinyozi: Maneno hayo hayo uliniambia mwaka jana. Nilikaa hapa hapa, nikawaambia kuna Mfaransa nimempenda. Mkanicheka mpaka mate yakawatoka. Mkasema nunua hili, kila mtu analo, spea kila kona, ukitaka kuliuza halilali. Mlinichagulia ninyi!

Spea: Tulikuchagulia vizuri. Limewahi kukulaza njiani?

Kinyozi: Limemlaza mama yangu hospitali!

Wote wakashusha macho. Nikadhani wamepata aibu. Wapi. Rivasi alikuwa anameza kahawa tu.

Rivasi: Mimi nitawaambia kitu. Zamani bosi wangu alikuwa na Mswidi. Gari lile lilikuwa linanijua. Nikiugua, akija dereva mwingine, haliwaki. Haliwaki kabisa! Mpaka nije mimi, nilipapase usukani, ndipo linakohoa.

Sindano: Betri ilikuwa mbovu, mzee.

Rivasi: Betri! Siku niliyostaafu lilivuja maji mpaka chini. Lilikuwa linalia.

Sindano: Rejeta hiyo. Lakini mimi tatizo nalijua, na si betri. Yale magari yametengenezwa kwenye theluji. Ukiyaleta kwenye jua kama hili, ubongo wake unapata homa. Taa zinawaka ovyo, si kwamba kuna kitu kibovu, ni gari linaweweseka.

Spea: Hujui jambo, wewe. Yale yanatuma taarifa. Ukiliingiza kwenye shimo, taarifa inafika kiwandani saa ile ile. Wanakaa mezani wanaulizana, huyu nani anayetesa mtoto wetu? Wakikuchoka wanakuzimia hapo hapo barabarani.

Rivasi: Kweli kabisa! Ndiyo maana ukikuta limezimika huwa limeelekea kwao.

Wakacheka, wakapigana viganja. Mtu mama yake amefungwa bega, kesho ana kliniki, na wazee wazima wanazungumza habari za gari lenye homa. Nilimimina vikombe kwa kishindo hadi kahawa ikamwagika, wala hawakuona.

Kinyozi: Mmemaliza? Sasa na mimi niseme. Shemeji yangu analo la Ulaya mwaka wa sita huu. Oili anabadilisha kwa wakati, hasubiri limlilie. Mlango wake ukiufunga unasikia umefunga, si huu wangu unaolia kama sufuria. Kwenye lami, ukiwa mwendo mkubwa na lori likakupita, halitikisiki, mikono haitetemeki. Unashuka safari ndefu na kiuno bado ni chako.

Spea: Na spea?

Kinyozi: Anaagiza. Inafika. Anasubiri siku mbili tatu. Hajafa.

Spea: Na bei yake?

Kinyozi: Bei! Bei imeshuka kwa sababu yenu! Kila kijiwe kina mtu kama wewe, anawatisha watu, gari zuri linakaa sokoni miaka hakuna wa kuligusa. Kwa pesa nitakayouzia hili langu napata kubwa zaidi, zito zaidi, na chenji ya mafuta juu. Halafu nikuulize. Mtaa mzima ukiwa na aina moja ya gari, nani anafaidi? Si wewe, unayejaza duka spea za aina moja?

Spea: Usinitukane, Kinyozi.

Kinyozi: Nakuuliza swali, sikutukani!

Spea alisimama. Kinyozi naye akasimama, taulo likaanguka. Nikaingia kati na birika langu la moto, nikawaambia wa kwanza kurusha mkono nammiminia. Wakaketi, kila mtu anahema.

Sindano: Kaka, punguza jazba. Niambie kitu kimoja tu ambacho hilo la shemeji yako linacho na hili halina. Kimoja.

Kinyozi: Ukikaa nyuma bila kufunga mkanda, linapiga kelele. Ti, ti, ti, ti! Haliachi, na hilo ninalolinunua ni hivyo hivyo. Juzi nililipanda, dada yangu akaona uvivu kufunga. Tukasafiri na kelele mpaka akafunga mwenyewe.

Sindano: Yaani linamfokea abiria? Gari unalinunua mwenyewe, halafu unampakia mama mzazi likamfokee!

Wakaangua kicheko kipya, hata Spea aliyekuwa amenuna. Ni Rivasi aliyeacha kucheka kwanza, kwa sababu alimwona mama wa Kinyozi amesimama nyuma ya benchi, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Amekuja kwa miguu, polepole, upande wa kivuli.

Mimi: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, binti yangu. Endeleeni kucheka. Nani huyo anataka kunifokea?

Kinyozi: Si mtu, mama. Ni gari. Abiria wa nyuma asipofunga mkanda, linapiga kelele.

Mama alifikiri kidogo. Akatuangalia mmoja mmoja.

Mama: Kwani kiti cha nyuma kina mkanda?

Spea anajua bei ya kila boliti ya gari lile, akaangalia kikombe chake. Rivasi ameendesha maisha yake yote, akakuna shavu. Wawili hao walikuwa hawajui, na hawakujua kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa nyuma ya gari lake. Nyuma wanakaa mama zao, wake zao, watoto.

Kinyozi alivuka hadi gari lake, limeegeshwa mbele ya saluni. Akafungua mlango wa nyuma. Tukamfuata. Mkanda ulikuwepo, umening'inia ubavuni. Akauvuta, ukaja vizuri, akautelemsha mpaka kwenye kiti kutafuta pa kuuchomeka. Hapakuwa na pa kuuchomeka. Akapapasa. Kava lilikuwa zuri kweli, jekundu na jeusi, limenyooka kama meza.

Kinyozi: Kifungio kiko wapi?

Sindano: Kipo.

Kinyozi: Kiko wapi, Sindano?

Sindano: Chini ya kava. Vifungio vinavimbisha kitambaa, kaka, kiti hakitulii. Nilikuuliza, ukaniambia vizamishe, hakuna anayevitumia.

Kinyozi hakukanusha. Aliingia saluni akarudi na wembe, akapiga goti kwenye kiti na kulichana lile kava kutoka pembe hadi pembe, kwa hasira, huku machozi yanamtoka na hajifuti. Sindano alitazama kazi yake inachanwa. Kifungio kikachomoza. Mama akajisogeza, akauchukua mkanda kwa ule mkono wake mzima, akauchomeka. Tak.

Mama: Kwa hiyo siku ile mkanda ulikuwepo.

Kinyozi: Ulikuwepo, mama.

Mama: Nami kifungio nilikuwa nimekikalia.

Kinyozi: Nisamehe, mama. Basi, la Ulaya siendi tena kulinunua. Gari halina kosa. Kosa langu.

Mama: Nani kakwambia usilinunue? Mpigie mwenye gari sasa hivi, nikiwa nasikia. Hili lako linakunyamazia, na wewe ukinyamaziwa unaua mtu. Kanunue hilo linalofoka. Lifoke mpaka masikio yakuume. Mimi nimechoka, sina pumzi ya kukufokea kila safari.

Kinyozi akatoa simu.

Mama: Na viti vyake huyu asiviguse.

Kisha akamgeukia Sindano. Hakupandisha sauti.

Mama: Mwanangu, magari ya watu umeyashona mangapi hivi?

Sindano aliangalia barabara. Magari yalikuwa yanapita, aina ile ile moja baada ya nyingine. Moja likapunguza mwendo mbele yetu, watoto wawili wamepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, kava la rangi ya bluu na nyeupe, mshono ule ule wa Sindano, wanatupungia mikono kupitia kioo.